Kichomi Kilipoingia kwa Mama Chanjo

Pale Malangali, mjini Sumbawanga, ukimuulizia Adela kwa jina lake, watu watafikiri kwanza. Ukisema Mama Chanjo, hata mtoto anayecheza na tairi barabarani atakuonyesha mlango. Jina hilo hakujipa mwenyewe. Alipewa na wanawake wa mtaa, nusu utani nusu heshima, kwa sababu hakuna mzazi aliyejifungua pale ambaye Adela hakufika kwake. Atakaa kwenye kigoda, atamsifu mtoto, atakunywa uji wa ulezi kama upo, na kabla hajainuka atauliza: "Kliniki lini?"

Alikuwa mkulima kama wenzake, mwenye shamba la mahindi na ulezi nje kidogo ya mji. Mumewe, Cleophas, alikuwa akishuka ziwani Kirando kununua dagaa na kuja kuwauza Sumbawanga. Kazi ya afya ya jamii Adela aliifanya kwa kujitolea: alipewa mafunzo, fulana na mkoba, na baada ya hapo ikabaki miguu yake na mdomo wake.

Waliomjua tangu utotoni walijua kilichomsukuma. Alizaliwa kijiji kimoja cha upande wa milima ya Mbizi, na alikuwa bado msichana mdogo pale mdogo wake, Fransisko, aliposhikwa na kichomi. Ubavu mmoja ulituna. Wazee wakamchanja chale, wakampaka dawa ya majani, wakangoja. Baba yao alipoamua kumpakia kwenye baiskeli kumpeleka mjini, usaha ulikuwa umeshajaa kifuani. Mtoto hakurudi. Wakati huo chanjo ya kichomi ilikuwa bado haijaletwa nchini, na hata ingekuwepo, nani angewaambia? Adela alisahau mengi ya utoto wake, lakini namna Fransisko alivyokuwa akivuta pumzi hakuisahau: kidogokidogo, kama mtu anayeiba.

Kwa hiyo chanjo ilipokuja, na yeye akawa mtu mzima mwenye fulana ya afya, aliisema kwa moyo wake wote. "Mchanje mwanao," aliwaambia akina mama kwenye mikutano ya jumuiya baada ya rozari, "kichomi hakitamgusa." Alisema hivyo kwa sababu ni maneno machache na yanashika, tena kwa sababu mwenyewe aliyaamini. Mwanawe wa mwisho, Beda, alichanjwa zote, hakuna iliyochelewa. Siku ya sindano ya mwisho mtoto alilia mpaka akakauka sauti, na Adela akawa anacheka huku anambembeleza.

Beda alikuwa na miaka mitatu ule msimu wa baridi. Watu wa Ufipa wanaujua upepo wa Julai. Hauna adabu, unaingia ndani hata mlango ukiwa umekomewa. Mtaa mzima ulikuwa unakohoa. Beda naye akaanza, na Adela hakushtuka. Alipoona homa imepanda na mtoto anahema haraka, alimfunga mgongoni akampeleka zahanati. Akapewa vidonge vya kuyeyusha kwenye maji, dawa ileile ambayo yeye amewasisitizia wanawake wengi waimalize hata mtoto akipata nafuu. Beda akapata nafuu. Akala, akafukuza kuku uani. Adela akamalizia dozi yote, akamshukuru Mungu.

Kisha homa ikarudi.

Safari hii ilirudi kimyakimya. Mtoto aliacha kucheza, akawa anakaa ameinamia upande wa kushoto, kama mzigo uliofungwa vibaya juu ya baiskeli. Ukimweka sawa, analia. Ukimwachia, anainama tena upande uleule.

Mama mkwe wake, Hilaria, aliyekuwa akiishi nao, alimtazama mjukuu kwa muda mrefu. Mwishowe akasema, "Hicho ni kimeo, mwanangu. Kikohozi kisichoisha ni kimeo. Nitakupeleka kwa mzee mmoja anayekikata kooni, ana mkono mwepesi."

"Mama, kimeo hakileti homa ya namna hii."

"Haya. Ninyi ndio mliosoma. Ila sisi tuliwalea waume zenu bila sindano."

Adela alimchukua mtoto. Alimlaza Beda kitandani, akampandisha fulana, akafanya kile alichokuwa akiwafundisha wanawake wa mtaa mzima: akatazama kifua. Upande wa kulia ulikuwa unapanda na kushuka. Upande wa kushoto ulikuwa umetulia tu, kama mtu aliyegoma kazi. Chini ya mbavu, kila pumzi ilipoingia, nyama ilibonyea ndani.

Ubavu wa namna ile alikuwa ameuona mara moja tu maishani.

Alimpigia Cleophas simu. Haikupatikana. Akapiga tena akiwa anavaa viatu, akapiga tena bajaji ikiwa inageuza mbele ya nyumba, na kila mara sauti ileile ya mwanamke ikamwambia mteja hapatikani kwa sasa. Hilaria alipanda naye, chupa ya chai mapajani, rozari mkononi. Njia nzima Adela alimshikilia Beda wima kifuani pake, akihesabu pumzi zake, akikosea, akianza upya.

Hospitali walipokelewa na Daktari Isdori, mtu wa makamo mwenye sauti ya chini, anayeongea na watoto kabla ya kuongea na mama zao. Aligonga mgongo wa Beda kwa kidole juu ya kidole. Kulia kulilia kama debe tupu. Kushoto kulilia kama gunia la mahindi. Akagonga tena kushoto, akatega sikio, halafu akaagiza picha ya eksirei.

"Chanjo zake, mama?"

"Zote," Adela alisema, haraka, kama mtu aliyesimamishwa kizimbani. "Zote, daktari. Mimi mwenyewe ni mhudumu wa afya wa mtaa."

"Vizuri," daktari akasema, na Adela akashindwa kuelewa kilicho kizuri ni nini.

Picha ilipotoka, pafu la kulia lilikuwa jeusi, na la kushoto lilikuwa jeupe karibu lote. Daktari Isdori hakuzunguka. "Nimonia yake imezaa usaha. Umejaa hapa, kati ya pafu na ukuta wa kifua. Umelikandamiza pafu, haliwezi kutanuka. Dawa peke yake haitaufikia vya kutosha. Tutapitisha mrija katikati ya mbavu, utoke."

Adela alilisikia neno usaha, na maneno mengine yote yaliyofuata yakampita kama watu wanaopita nje ya dirisha.

Mrija uliwekwa. Adela alikaa koridoni na Hilaria, wakamsikia Beda akilia, kisha sauti yake ikazama kwa dawa ya usingizi. Waliporuhusiwa kuingia, mtoto alikuwa amelala chali, oksijeni puani, na mrija umetoka ubavuni ukashuka mpaka kwenye chupa kubwa sakafuni, chini ya kitanda. Ndani ya chupa kulikuwa na kitu cha manjano, kizito kama maziwa mgando.

"Bwana Yesu," alisema Hilaria, akakaa sakafuni palepale.

Siku ile na iliyofuata usaha ulitoka, na Adela akaanza kupata nguvu ya kumeza chakula. Macho yake hayakutoka kwenye chupa. Alikuwa akimlisha mtoto uji huku anatazama chupa. Akisalimiwa na wazazi wengine, anaitikia huku anatazama chupa. Halafu usaha ukakoma. Angefurahi, lakini homa ilikuwa palepale. Beda alikuwa wa moto kama jiwe la jikoni, na pumzi zake zilikuwa bado fupi. Daktari alimpima kwa mashine ya ultrasaundi, akatikisa kichwa.

"Haujaisha. Umeganda. Umejitengenezea vyumbavyumba ndani, kama sega la asali, na mrija uko kwenye chumba kimoja. Tutausafisha mrija kwa maji ya chumvi, tutaubadilisha mahali, na dawa tunaibadilisha leo. Tukishindwa, itabidi aende Mbeya, apasuliwe kifua wausafishe kwa mkono."

"Apasuliwe," Adela alirudia.

"Tukishindwa, mama. Bado hatujashindwa."

Mchana huo alitoka kwenda kufua nguo za mtoto kwenye karo nyuma ya wodi, pale ndugu wa wagonjwa wanapopikia na kuanika. Hapo ndipo Scola alipomkuta. Scola alikuwa jirani yake wa ukuta kwa ukuta, mwanamke mchanga mwenye mtoto wa kwanza, mtoto ambaye siku yake ya kuanza sindano za kichomi ilikuwa imewadia. Adela ndiye aliyemkumbusha, tena zaidi ya mara moja. Mtoto alikuwa mgongoni, amefunikwa kitenge mpaka kichwani kwa ajili ya upepo.

"Pole, Mama Beda. Anaendeleaje?"

"Hivyohivyo. Tunamwachia Mungu."

Scola alisimama. Alikuwa amebeba kifurushi cha mayai ya kuchemsha, akakiweka juu ya ukuta wa karo, akakisogeza, akakisogeza tena. Ilionekana ana jambo.

"Mama Beda, usinielewe vibaya. Kwenye kundi letu la wasapu wanasema…"

"Wanasema nini?"

"Wanasema mganga hajigangi. Wanasema kama wa Mama Chanjo kachanjwa zote na kimempata, sasa sisi tunawatesea nini watoto? Na mimi nilikuwa nimpeleke huyu juzi. Nikasema ngoja kwanza. Ulisema hakitawagusa. Ulisema pale kwetu, mbele ya mama yangu."

Adela aliendelea kusugua fulana ambayo ilikuwa imeshatakata. Alitaka kusema neno la kumtuliza Scola. Hasira ndiyo iliyokuja, na chini ya hasira woga, kwa maana swali lile lilikuwa lake pia. Amekuwa akijiuliza tangu picha ilipotoka.

"Sijui, Scola," alisema mwishowe. "Ngoja nijue na mimi."

Scola akaitikia kwa kichwa, akaacha mayai, akaondoka. Adela alibaki akitazama kile kichwa kidogo kilichofunikwa kikichezacheza mgongoni mpaka kilipopotea getini, na moyo ukamwenda mbio kama amemwona mtoto akielekea kisimani. Mtoto wa Scola hana hata sindano moja ya kichomi. Baridi ndiyo kwanza imeshika. Mtaa mzima unakohoa.

Alimfuata Daktari Isdori akamkuta anatoka wodini.

"Daktari, nina swali, na nataka unijibu kama mtu mzima. Chanjo aliyopigwa mwanangu ilikuwa mbovu?"

Daktari alisimama. "Hapana. Sina sababu ya kudhani hivyo."

"Basi kwa nini?"

"Sijui ni kidudu gani kilichomwingia. Usaha tulioupeleka maabara haukuotesha kitu, kwa kuwa alishakunywa dawa. Inawezekana ni kidudu kilekile cha nimonia, ila cha aina ambayo chanjo haina. Aina zake zinakaribia mia, na hii yetu inashika kumi na tatu, zile zilizokuwa zinasumbua zaidi. Na hata katika hizo ipo inayoponyoka. Au ni kidudu kingine kabisa. Vipo."

"Kwa hiyo inasaidia nini?" Sauti yake ilipanda, nesi aliyekuwa mezani akageuka.

Daktari hakukasirika. "Mimi nilianza kazi kabla chanjo hii haijaletwa. Msimu kama huu, watoto wenye mrija kifuani walikuwa hawakosekani. Mmoja akitoka, kitanda hakipoi. Wengine tuliwapoteza kabla hatujapata nafasi ya kuuweka. Leo ukizunguka wodi nzima, mwenye mrija ni Beda peke yake. Kichomi chenyewe bado tunakiona, lakini hiki kibaya, cha usaha, kimepungua sana machoni pangu. Haizibi kila mlango, mama. Imeziba ile mikubwa."

"Na mtoto aliyeingiliwa kwa mlango mdogo?"

Daktari alimtazama kidogo. "Huyo tunamtibu," akasema. "Ndilo jibu nililo nalo."

Cleophas alifika akitokea Kirando, harufu ya dagaa bado nguoni. Ujumbe ulimkuta amekwama na mzigo sehemu isiyo na mtandao. Alisimama miguuni mwa kitanda, kofia mkononi, akatazama mrija, akaufuata kwa macho mpaka chini, akaona chupa. Hakupiga kelele. Angepiga, Adela angejua la kufanya.

"Mama Beda," alisema taratibu, "tulifanya kila ulichosema."

Wakati huo mrija ulikuwa umeshasafishwa na kusogezwa, na chupa ilikuwa haijapokea kitu cha maana. Hilaria alimvuta mwanawe pembeni, wakanong'ona kwa Kifipa, na Adela, ambaye Kifipa ni lugha ya mama yake pia, alisikia kila neno. Bibi alikuwa anasema mtoto anaoza akiwa hai, kwamba kidonda kile kimefunguliwa bure, kwamba wamtoe leo kungali na uhai wa kumtoa. Yuko mtu anayejua kichomi. Atamchanja ubavuni, atamnyonya uchafu kwa pembe.

Cleophas alirudi kitandani. "Mama anasema tumtoe."

"Nimesikia."

"Wewe unasemaje?"

Hapo ndipo Adela alipoona upweke wake wote. Kwa miaka alikuwa na jibu kwa kila mzazi, na leo anaulizwa juu ya mwanawe na hana hakika hata moja. Hakujua kama mrija utafaulu. Hakujua kama Beda atafika Mbeya akiwa hai wakimpakia kwenye gari. Kitu kimoja tu alikijua, na alikijua tangu utoto wake.

"Mdogo wangu alichanjwa chale hizohizo," alisema. "Usaha haukutoka hata tone, na sisi tukawa tunangoja. Sikuahidi kwamba hapa atapona, baba Beda. Siahidi tena kitu. Lakini ukiutoa huo mrija, umemtoa mtoto."

Cleophas alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Kisha akamgeukia mama yake, akasema kwa heshima lakini bila kuyumba, "Mama, tutakaa." Hilaria akajifunika mtandio usoni, na tangu hapo hakusema na mkwewe.

Siku iliyofuata ilikuwa ndefu kupita zote. Daktari alikuwa amesema watamwangalia mpaka jioni. Pasipobadilika, wampigie mwenzake wa Mbeya simu. Adela alijikuta anasali sala zisizo na mpangilio, Salamu Maria anaanzia katikati. Cleophas alikwenda kuulizia gari, akarudi, akaenda tena, maana kukaa kulimshinda. Karibu na mchana Beda alikohoa. Alikohoa kwa nguvu, uso ukamwiva, mwili mzima ukajikunja, na Adela akamkumbatia huku akipiga kelele, "Nesi! Nesi!" Nesi alikuja mbio, akainama, lakini hakumtazama mtoto. Alikuwa anatazama chini ya kitanda.

"Mama, tazama."

Usaha ulikuwa unashuka mrijani, mzito, wenye mabonge, unajivuta na kusimama na kujivuta tena. Chupa ikapanda. Daktari aliitwa, akapiga magoti sakafuni kama mtu anayetafuta shilingi iliyomwanguka, akabaki hapo akitazama.

"Chumba kimevunjika," alisema.

Hawakushangilia. Adela alikuwa ameshashangilia mapema mara moja, akaadhibiwa. Homa nayo haikushuka siku ile wala kesho yake. Ilikuwa inashuka asubuhi na kupanda mchana, kila inapopanda inaondoka na nusu ya moyo wake. Lakini kila siku ilipanda chini kidogo ya jana. Pumzi zikaanza kuwa ndefu. Siku moja Beda aliomba dagaa, Cleophas akatoka wodini haraka asionekane anavyofuta macho. Mbeya haikutajwa tena. Mrija ulipotolewa, nesi alimletea Beda puto, akamfundisha kulipuliza ili pafu litanuke. Puto la kwanza lilimshinda kabisa. Lilikaa mdomoni kama ulimi wa mbuzi. Hilaria ndiye aliyekuwa anampulizia mfano, mashavu yametuna, mpaka wodi nzima ikacheka, na hiyo ndiyo siku aliyoanza kusema tena na Adela.

Walirudi nyumbani baridi ikiwa inaelekea ukingoni. Mtoto alikuwa amekonda, bega la kushoto limeshuka kidogo kuliko la kulia. Majirani walikuja kutoa pole, wakakaa, wakamtazama Beda, wakamtazama Adela, na hakuna aliyetaja chanjo. Ukimya ule ulimuuma kuliko kuulizwa. Scola alikuja pia. Mtoto wake alikuwa amenenepa. Adela alitaka kuuliza "kliniki lini?" na ulimi ukagoma.

Usiku na mchana, akiwa jikoni au uani, sikio lake lilikuwa upande wa ukuta wa Scola. Mtoto akikohoa kule, yeye anaacha kukoroga sufuria. Alijua pafu la mtoto mchanga ni dogo, usaha haungoji. Kama kitampata, Adela alijiambia, kitampata kwa sababu ya maneno yangu: niliyoyasema zamani na ninayoshindwa kuyasema sasa.

Jumapili moja jumuiya ilikutana kwake. Baada ya rozari mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye neno. Adela alisimama.

"Niliwaambia mtoto akichanjwa, kichomi hakitamgusa," alisema. "Si kweli. Wangu kimemgusa, tena kile kibaya, mmeona. Sindano haizuii kila kidudu. Inazuia vingi, vile vilivyokuwa vinatumalizia watoto. Inapunguza hatari, na kama ni kuchagua, nitachagua hatari ndogo. Lakini aliyechanjwa naye mtazameni kifua. Akihema haraka, msikae eti kwa sababu kachanjwa. Homa ikirudi baada ya dawa, mrudisheni siku hiyohiyo. Ndiyo hayo tu. Anayetaka kuniuliza aniulize, na nisichokijua nitasema sikijui."

Mama mmoja mtu mzima akauliza kwa ukali, "Sasa wewe ungekuwa na mwingine, ungemchanja?"

"Ningemchanja."

"Na wasiwasi?"

"Ningekuwa nao. Ninao hata sasa."

Wengine waliguna. Mmoja alisema wazi kwamba yeye ameshaacha, na aliacha kweli. Mpaka leo akimwona Adela anakuja hubadilisha njia. Scola alikuwa amekaa karibu na mlango, mtoto mapajani. Hakuuliza kitu, na watu walipotawanyika aliondoka nao.

Mahindi yalikuwa yameshaingizwa ghalani Scola alipokuja, jua kali, akapita moja kwa moja mpaka uani bila hata hodi. Macho yalikuwa mekundu. Adela aliacha kupepeta ulezi, ungo ukamtoka mkononi.

"Kakohoa?"

"Hapana. Nimetoka naye kliniki. Wamenigombeza kwa kuchelewa, lakini wameanza kumpa." Akamfunua mtoto paja. "Amelia, nami nikalia. Pamevimba hapa. Ni kawaida?"

Adela aliinama, akapagusa kwa mgongo wa kidole. Palikuwa na joto kidogo na ugumu kama punje. "Kawaida. Kesho patakuwa pamelainika. Homa ikizidi niite."

"Bado anaweza kukipata?"

"Anaweza. Lakini si kwa urahisi ule."

Scola akakaa kwenye kigoda, akamnyonyesha mtoto. Baadaye akauliza sindano inayofuata ni lini, Adela akamwambia, na akaongeza kwamba wataenda wote.

Kabla mvua hazijaanza walimrudisha Beda kupiga picha. Daktari Isdori aliiinua kwenye mwanga wa dirisha. Pafu la kushoto lilikuwa limefunguka. Pembeni kulibaki uzi mweupe, kovu, alisema, ambalo huenda likafifia kadiri mtoto anavyokua.

"Kitarudi?" Adela aliuliza.

"Sidhani."

Nje, Beda alikuwa amemponyoka baba yake, anakimbia kwenye uwanja wa hospitali kuzunguka magari yaliyoegeshwa. Cleophas alikuwa anamfuata akicheka, anamwita arudi. Adela alisimama kibarazani na bahasha ya picha kwapani, na badala ya kuwaita, akatazama kifua cha mwanawe kinavyopanda na kushuka, kulia na kushoto, mpaka mtoto alipochoka akaja mwenyewe.